Soko Nalo ni Darasa: Vijana Wakijue Chakula cha Kwao

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwalimu mstaafu mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi, Kikuyu, Dodoma.)



Kabla sijaanza kusema niliyoitwa kuyasema, niliwaomba vijana hawa anyoshe mkono yeyote aliyepata kuuona uwele ukiwa umesimama shambani. Mikono mmeiona wenyewe. Haikufika kumi, na kijana mmoja akaeleza kwamba yeye aliuona kwa bibi yake Mvumi, wakati wa likizo. Nikauliza tena ni nani anayejua bei ya debe la karanga leo katika soko la Majengo. Hakuna aliyejua. Lakini nilipouliza bei ya sahani ya chipsi na mayai, mlijibu wote kwa sauti moja, tena mkanieleza na tofauti ya bei kati ya yai moja na mayai mawili.

Sikuuliza hayo ili kumwaibisha mtu. Mtoto hujua kile anachofundishwa na kile anachokiona kila siku. Ikiwa vijana wa Kikuyu, waliokulia katika nchi ya Ugogo, hawaujui uwele, basi kosa si lao. Kosa ni letu sisi wazazi na walimu. Na kwa kuwa si haki kuwatangulia wengine katika lawama huku mtu akiificha yake, nitaanza na kosa langu mwenyewe.

KOSA LA MWALIMU

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ambayo sitaitaja. Asubuhi moja nilifundisha somo la lishe. Niliandika ubaoni aina za vyakula, na pembeni nikachora picha kama nilivyoziona kitabuni: mkate wa ngano, kipande cha jibini, na tunda la tufaha. Wanafunzi wakanakili vizuri. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kuonja tufaha.

Mchana wa siku ile ile msichana mmoja alifungua kopo lake la chakula. Ndani yake mlikuwa na ugali wa uwele, ule wa rangi ya kijivu tunaoujua, na mlenda uliochanganywa na karanga zilizotwangwa. Wenzake waliokuwa na ugali mweupe wakaanza kumcheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Badala ya kuwakemea, nilicheka pamoja nao.

Siku ya pili msichana yule hakuleta chakula. Siku ya tatu pia hakuleta. Alikaa na njaa chini ya mti mpaka kengele ya jioni, kwa sababu mwalimu wake alikuwa amemfundisha kukionea aibu chakula cha mama yake. Na kile kilichokuwamo katika kopo lile, nafaka, mboga ya majani na karanga, ndicho hasa nilichokuwa nikikifundisha ubaoni asubuhi, ila hakikuwa na picha katika kitabu changu.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo kasumba. Kasumba haimjii mtu na bunduki mkononi. Humjia kwa kicheko, na ikishaingia humfanya aone kuwa cha kwao ni cha kimaskini na cha mbali ndicho cha kistaarabu. Nimekuja kuwaambia kwamba aibu ile ilifundishwa, na jambo lililofundishwa laweza kufundishwa upya.

NCHI HII NA MVUA YAKE

Tuanze na nchi yenyewe. Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi wa Desemba na kumalizika Aprili. Katika mwaka wa wastani mvua hiyo ni kati ya milimita 500 na 600. Tena hainyeshi kwa mpango: yaweza kunyesha kwa wingi Januari, ikatoweka wiki tatu mwezi Februari, kisha ikarudi wakati mimea imekwisha kunyauka.

Sasa fikirini juu ya mahindi. Mahindi hayakuzaliwa Afrika. Yalitoka Amerika, na yalifika katika pwani yetu baada ya Wareno kuanza safari zao za baharini. Ni zao zuri, nami silitukani. Lakini lina udhaifu mmoja mkubwa: likikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, mkulima hupata mabua badala ya nafaka. Mtama na uwele, kinyume chake, ni nafaka za bara hili. Mtama ulianza kulimwa na watu wa upande wa Sudan, na uwele ulianza kulimwa na watu wa ukingo wa jangwa la Sahara, maelfu ya miaka iliyopita. Mtama una tabia ya kutulia mvua inapokatika na kuendelea kukua inaporudi. Uwele huweza kutoa mavuno katika ukame ambao mahindi hayawezi kuuvumilia.

Wazee wetu hawakuwa na kipimo cha milimita, lakini elimu hiyo walikuwa nayo. Waliijua kwa sababu walipata kuona maafa. Kati ya miaka 1917 na 1920 nchi hii ilipatwa na njaa kubwa iliyoitwa Mtunya. Ukame ulikuwapo, lakini haukuwa peke yake. Ilikuwa wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua nafaka, yalichukua ng'ombe, na yalichukua wanaume kwenda kubeba mizigo. Maelfu ya watu walikufa. Kwa hiyo historia yetu inatufundisha mambo mawili kwa pamoja: inatupasa kupanda kinachoifaa nchi, na inatupasa pia kujua nani anakichukua kilichovunwa, na kwa masharti gani. Jambo hilo la pili nitalirudia nitakapozungumza juu ya soko.

Mfano mwingine uko karibu nasi, Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza pale mpango mkubwa wa kulima karanga ili wananchi wake wapate mafuta ya kula baada ya vita ya pili. Yaliletwa matrekta mengi, zikatumika pauni zipatazo milioni 36, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Ardhi ya Kongwa ina mfinyanzi mwingi. Jua likiwaka hukauka ikawa ngumu kama sakafu, na majembe ya mashine yakavunjika. Mvua nayo haikuja kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Lakini karanga hizo hizo zimelimwa na wakulima wadogo wa nchi hii kwa jembe la mkono, katika vishamba vidogo, kwa kuitazama mvua na kuchagua udongo. Hatukosi wataalamu, na wataalamu tunawahitaji sana. Ila mtaalamu asiyemwuliza mwenye shamba huweza kupoteza mamilioni.

KWA NINI UWELE ULIACHWA

Hata hivyo, tusijidanganye. Tukiwaambia vijana kwamba wazazi wao waliuacha uwele kwa upumbavu au kwa majivuno tu, tutakuwa tumesema uongo, na vijana si wajinga; watatugundua.

Uwele una kazi nzito. Kwanza kuna kweleakwelea. Ndege mmoja hula nafaka zipatazo gramu 10 kwa siku. Gramu 10 ni kidogo, lakini kundi la ndege milioni moja, na makundi ya namna hiyo hutokea, hula tani 10 kwa siku moja. Hindi limefunikwa kwa maganda yake, ndege halipati kwa urahisi. Shuke la uwele na la mtama liko wazi. Kwa hiyo shamba la uwele lilihitaji mlinzi kuanzia alfajiri mpaka jioni, na mlinzi huyo mara nyingi alikuwa mtoto. Yako madawati mengi yaliyokaa wazi katika mkoa huu kwa sababu mtoto alikuwa juu ya kichanja akirusha mawe. Mzazi aliyechagua kupanda mahindi ili mtoto aende shule hakufanya dhambi.

Pili, kuna kazi ya kutwanga na kupepeta, ambayo ilimwangukia mama. Tatu, kuna bei. Kwa miaka mingi biashara ya nafaka mijini ilijengwa juu ya sembe. Mashine zilikuwa za kukoboa mahindi, vituo vya ununuzi vilitafuta mahindi, na maduka yakauza sembe. Mkulima wa mtama alibaki na gunia lake barazani.

Lakini mengi katika hayo yamebadilika, na vijana wetu hawajaambiwa. Watafiti wetu, wakiwemo wale wa kituo cha Hombolo hapa Dodoma, wamefanya kazi kubwa ya mbegu. Zipo mbegu za uwele zinazoitwa Okoa na Shibe. Zipo mbegu za mtama kama Macia, Tegemeo na Pato, na nyingine kama Wahi na Hakika zinazostahimili kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Sikilizeni majina hayo: Okoa, Shibe, Tegemeo, Hakika. Waliozipa majina hayo walikuwa wanazungumza na mkulima kwa lugha yake. Tena siku hizi mtama mweupe hununuliwa na viwanda vya bia, na unga wa uwele na wa mtama unafungwa katika mifuko na kuuzwa mijini.

Juu ya lishe nako tumejua zaidi. Mahindi yakikobolewa kupata ule unga mweupe tunaoupenda, pumba na kiini huondoka, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya vitamini na madini. Uwele una madini ya chuma mara kadhaa kuliko sembe isiyoongezewa virutubishi, na chuma ndicho kinachojenga damu. Majani ya mlenda, ya kunde na ya maboga, karanga, njugumawe, ubuyu na ukwaju, vyote hivi ni mali ya nchi hii kavu ambayo watu huiita maskini.

Wala tusidhani kwamba ghala likijaa basi kazi imekwisha. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Katika mkoa wa Iringa, unaosifika kwa mahindi, watoto waliodumaa walizidi nusu. Njaa haikuwa imeingia Iringa. Shibe ilikuwapo, lakini mchanganyiko wa chakula haukuwapo. Hili ni somo kwetu sote: tumbo lililojaa si lazima liwe limelishwa.

SOKO NALO NI DARASA

Sasa nije kwenye pendekezo langu. Kikuyu ya leo ni mji. Pale ilipokuwa Sekondari ya Mazengo, iliyopewa jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi, pana Chuo Kikuu cha St. John's tangu mwaka 2007. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mashamba yaliyokuwa pembeni mwa mji yamegeuka viwanja vya nyumba. Hatuwezi kuyarudisha, na si kila mwanafunzi wa hapa anaweza kupata ekari moja ya kulima.

Lakini soko tunalo. Tunalo soko la Majengo, tunalo la Sabasaba, na kule Nzuguni liko Soko Kuu la Job Ndugai. Mashariki ya mkoa, wilayani Kongwa, kuna soko la nafaka la Kibaigwa, ambako magari hupakia mahindi kwenda miji mingi. Mwalimu asiye na shamba la kufundishia anaweza kulifanya soko kuwa shamba lake. Ndiyo maana nasema soko nalo ni darasa.

Mwanafunzi akipelekwa sokoni asipelekwe kutembea tu. Aende na daftari na maswali matano. La kwanza: kitu hiki kinaitwaje kwa Kiswahili, na kwa lugha ya anayekiuza? La pili: kimetoka wapi, kijiji gani, na kimefika kwa njia gani? La tatu: kilipandwa lini na kuvunwa lini? La nne: huhifadhiwaje na hupikwaje? La tano, ambalo watu wengi hawapendi kuulizwa: mkulima alilipwa kiasi gani, na mimi nalipa kiasi gani?

Katika maswali manne ya kwanza kijana atakuta hazina. Atamkuta mama anayeuza mlenda mkavu kwa mafungu, na mama huyo atamweleza kwamba mlenda si mmea mmoja bali ni mimea kadhaa, mingine huota yenyewe na mingine hupandwa. Mwalimu wa sayansi ataongeza kwamba majani yaliyoanikwa kivulini hubaki na vitamini zaidi kuliko yaliyoanikwa juani. Ataona zabibu, na atajifunza kwamba mkoa wake ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mwalimu wa jiografia, wa sayansi, wa Kiswahili na wa hesabu wote watakuwa na kazi katika soko lile moja.

HESABU YA GUNIA

Swali la tano ndilo linalohitaji ujasiri, nami nataka tulifanyie hesabu hapa hapa. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu. Za kweli mtazitafuta wenyewe.

Tuseme mkulima ameuza mtama wake kijijini kwa shilingi 700 kila kilo, na ninyi mkaununua mjini kwa shilingi 1,200. Tofauti ni shilingi 500. Je, shilingi 500 zote ni wizi? Hapana. Kuna nauli ya gari, kuna ushuru, kuna gunia lenyewe, kuna nafaka inayomwagika na inayoliwa na dumuzi, na kuna jasho la mchuuzi ambaye naye ana watoto. Mwanafunzi aulize kila sehemu, aiandike, aijumlishe. Ikibaki sehemu isiyokuwa na maelezo, hapo ndipo aulize kwa nini.

Sasa tazameni lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lakini mnunuzi huja na gunia lake, hulishindilia, kisha huliongezea kilemba juu kwa kamba na kipande cha gunia jingine, likafikia tuseme kilo 130. Analipa bei ya gunia moja. Kilo 30 zimekwenda bure. Kwa bei yetu ya mfano, 30 mara 700 ni shilingi 21,000 kwa gunia moja. Mkulima aliyeuza magunia kumi amepoteza shilingi 210,000 bila kuona mkono wa mwizi. Kwa fedha hizo angeweza kumnunulia mtoto sare na madaftari, na zikabaki.

Mkulima huyo hakukosa nguvu ya kulima. Alikosa mizani, na alikosa mtu wa kumfanyia hesabu. Kijana wa Kikuyu aliyefundishwa hesabu hii darasani, akaenda likizo kwa bibi yake Mvumi au Bahi, anaweza kusimama karibu na gunia akasema: bibi, tulipime kwanza. Huyo ndiye msomi. Elimu isiyoweza kumwokoa bibi na lumbesa ina kasoro, hata kama cheti chake kina alama nzuri.

KIKUYU IFANYE NINI

Mawazo haya si mapya. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule isijitenge na maisha ya wananchi wanaoizunguka. Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio na kujadiliana. Mimi nakumbuka. Yalikuwapo makosa katika miaka ile, na katika baadhi ya shule shamba liligeuzwa kuwa adhabu. Mtoto aliyechelewa alipewa jembe, akajifunza kulichukia. Tusirudie kosa hilo. Soko nalo lisigeuzwe kuwa adhabu, wala kuwa njia ya kuwatuma watoto kubeba mizigo ya walimu.

Wenzetu duniani wamekwenda mbele. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi ndogo ndogo kama uwele, ulezi na mtama, kwa pendekezo la India. Mwaka 2009 Brazil ilitunga sheria iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha za taifa za chakula cha shule zitumike kununua mazao ya wakulima wadogo wa familia. Tazameni busara yake: mtoto anakula chakula cha nchi yake, na mkulima anapata mnunuzi wa uhakika. Mkono mmoja umefanya kazi mbili.

Basi hapa Kikuyu napendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji kusubiri fedha kutoka mbali.

Kwanza, kila darasa liende sokoni angalau mara moja kila muhula, likiwa na yale maswali matano, na majibu yaandikwe katika daftari moja la shule litakalohifadhiwa. Baada ya miaka mitatu shule itakuwa na kumbukumbu ya bei, ya misimu na ya majina ya vyakula ambayo huenda haipatikani mahali pengine popote.

Pili, shule zinazotoa chakula cha mchana au uji zitenge siku moja katika wiki ya nafaka na mboga za nchi hii. Kamati ya wazazi inunue moja kwa moja kwa vikundi vya wakulima inapowezekana, kwa mizani, si kwa lumbesa. Uji wa uwele wenye karanga na ubuyu hauhitaji meli kutoka ng'ambo.

Tatu, tuwaite akina mama na akina bibi waje kufundisha. Mwalimu asione haya kukaa kwenye dawati siku hiyo. Na wafundishwe wavulana pamoja na wasichana, kwa maana sijaona tumbo la mvulana lisilohitaji chakula.

Nne, kila shule iwe na kitalu, hata kama ni cha hatua kumi kwa kumi, cha kupanda uwele, mtama, kunde, njugumawe na mlenda, ili mtoto aone mbegu ikiota. Mbegu haihifadhiwi kwa hotuba kama hii yangu. Huhifadhiwa kwa kupandwa, na hupandwa iwapo yuko anayekila kinachovunwa. Siku vijana wa mji watakapokataa kabisa kula uwele, mkulima wa Bahi hatakuwa na sababu ya kuupanda. Na mwaka mvua itakapokatika Februari, mahindi yake yatakauka, na sote, wa shamba na wa mji, tutaipanga foleni ya chakula cha msaada. Huo ndio uzito wa jambo hili. Hatuzungumzii ladha tu.

Ninyi vijana, sikuwaambia muache chipsi. Mtu aliyekula chipsi Jumamosi hajaisaliti nchi yake. Nawaomba tu msiache mbachao kwa msala upitao. Kijana ale anachopenda, lakini ajue anachokula kimetoka wapi, na asimcheke mwenzake kwa kilichomo katika kopo lake.

Msichana yule niliyemcheka sikupata kumwomba radhi. Wazazi wake walihama, nami nikahamishwa, na miaka imepita mingi. Deni langu kwake siwezi kumlipa yeye. Naweza kulilipa kwenu tu, na ndiyo maana nilikubali kuja. Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, nitakuwa kwenye lango la soko la Majengo. Mwalimu atakayekuja na wanafunzi wake atanikuta. Waje na madaftari na kalamu, na kila mmoja awe na swali la tano kichwani.